Jua la Bamburi, skrini ya niti 2200 na kamera mbili zisizofanana

Swali: Asalaam aleikum kaka. Mimi na ndugu yangu tunashuti harusi na matangazo ya hoteli, tuko Bamburi, Mombasa. Mimi natumia Sony FX30, yeye ana Blackmagic Pocket 6K. Tabu yetu ni mchana ufukweni: kioo cha kamera hakionekani, twabahatisha tu. Nimeona skrini ya inchi tano na nusu ya kupachika juu ya kamera, yasemekana ina niti 2200 na inaendesha kamera bila waya. Bei yake si mbali na bei ya lenzi nzuri. Je, ninunue? Na hiyo "bila waya" ina maana mteja ataweza kukaa zake kwenye kiti cha hoteli akaona ninachoshuti? Jioni huwa naingia na vifaa hivyohivyo kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao.

Jibu: Waaleikum salaam dadangu. Nunueni, lakini skrini hiyo ikae kwenye Blackmagic ya nduguyo, si kwenye FX30 yako. Kabla ya kutoa pesa, tafuteni hudi, ile kofia nyeusi ya kukinga jua pembeni mwa skrini, muitumie wiki mbili tatu muone shida inapungua kiasi gani. Na mteja kuona akiwa amekaa mbali, hapana. Hiyo ni kazi ya kifaa kingine kabisa. Sasa nikueleze sababu, maana pesa za lenzi si za kutupa.

Niti ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye skrini yenyewe. Niti moja ni kandela moja kwa kila mita mraba. Wauzaji hutaja namba hiyo kwa herufi kubwa, na si vibaya, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mwanga unaotoka nje na kuipiga skrini. Mombasa tuko digrii 4 hivi kusini mwa ikweta, jua hutupita utosini mwezi wa Machi na tena Oktoba, na saa sita ya mchana bila mawingu mwanga ufukweni hufika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Kioo cha skrini hakiumezi wote. Tuseme kinautawanya asilimia moja tu kurudi machoni mwako. Asilimia hiyo moja ni ukungu wa niti mia tatu na kitu, umetandazwa juu ya picha yote, na unaharibu zaidi sehemu nyeusi kwa sababu hapo ndipo skrini haina mwanga wake wa kujitetea.

Fuata hesabu. Skrini ya niti 400 chini ya jua hilo: nyeupe yake ni 400 ukijumlisha 300 za ukungu, yaani 700, nyeusi yake ni 300 za ukungu peke yake. Nyeupe ni mara mbili na kidogo tu ya nyeusi. Ndiyo maana waona kivuli cha mtu lakini huoni kama ana macho. Skrini ya niti 2200 mahali palepale: 2500 kwa 300, mara nane hivi. Hapo picha inaonekana, unaweza kupanga fremu, unaweza kujua nani amefumba macho. Lakini sasa chukua ile ya niti 400, uivike hudi inayopunguza mwanga wa nje hadi sehemu moja ya kumi. Ukungu unashuka hadi niti 30, na nyeupe inakuwa mara kumi na nne ya nyeusi. Skrini dhaifu yenye hudi imeishinda ile kali iliyo wazi! Na ile kali ukiivika hudi, yaenda zaidi ya mara sabini. Hizi ni hesabu za kukadiria, kila kioo hutawanya mwanga kwa kiasi chake, lakini mwelekeo wake haubadiliki: kukinga kunazaa matunda kuliko kuongeza.

Kuna jambo la ufuko wetu ambalo maelezo ya watengenezaji hayawezi kukuambia. Bahari iko mashariki. Wateja wote wa Bamburi, Nyali na Shanzu wanataka bahari iwe nyuma yao. Kwa hiyo kamera inatazama mashariki, na skrini inayokutazama wewe inaelekea magharibi. Alasiri, kuanzia saa tisa hivi, jua liko nyuma ya hoteli na nyuma ya bega lako, linaipiga skrini usoni moja kwa moja. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote, na ndio wakati ambao maharusi wanapangiwa kupigwa picha, kwa sababu joto limepungua na mwanga juu ya nyuso zao ni mzuri. Asubuhi ni kinyume: jua linatoka baharini, mgongo wa skrini ndio unaopigwa, na kioo kiko kivulini. Hapo adui anakuwa wewe mwenyewe. Uso wako na nguo yako vimemulikwa na jua, na vinajionyesha ndani ya kioo. Mpiga video aliyevaa kanzu nyeupe au fulana nyeupe anajitazama yeye badala ya maharusi. Vaa nguo nyeusi mbele. Najua joto la Mombasa, lakini buibui lako jeusi dadangu lina faida hapa kuliko fulana ya nduguyo.

Na ukivaa miwani ya jua, angalia isiwe ya polaroidi. Skrini za namna hii hutoa mwanga uliopangwa upande mmoja, na miwani hiyo huuzuia. Ukigeuza skrini wima kwa ajili ya video za simu, yaweza kuzimika yote machoni pako ukadhani betri imekwisha.

Basi kwa nini nikasema mnunue, kama hudi inatosha? Kwa sababu ya gimbali, ule mpini wenye mota unaoituliza kamera ukitembea. Hudi yataka uingize uso wako karibu na skrini, na kwenye tripodi hilo ni rahisi. Lakini ukitembea kinyumenyume kwenye mchanga, gimbali iko chini karibu na magoti, maharusi wanakufuata, skrini iko urefu wa mkono kutoka machoni na pembe inabadilika kila hatua. Hudi ndefu inakufunika picha nusu. Upepo wa kusi nao, kuanzia Aprili, unaikamata hudi na kuifanya tanga, gimbali inaanza kutetemeka. Hapo ndipo niti 1500 hadi 2200 zinapolipa bei yake, pamoja na hudi fupi ya vidole viwili hivi. Kama kazi yenu ya ufukweni yote ni ya tripodi, hifadhini pesa.

Na hapa ndipo kule kudhibiti kamera bila waya kunapopata maana. Kwenye gimbali kamera imepimwa uzito kwa uangalifu. Ukiingiza mkono katikati ya mikono ya gimbali ili ubonyeze kitufe cha kamera, mota zinapambana na wewe, fremu inaruka, na picha hiyo umeipoteza. Sasa wazia skrini imefungwa kwenye mpini wa gimbali, chini ya mota, si juu ya kamera. Kidole gumba kinaifikia. Wingu linapita, unabadilisha mpangilio wa rangi ya mwanga (white balance) au unafungua lenzi stopu moja, yaani mwanga mara mbili, bila kuigusa kamera. Unaanza kurekodi kutoka hapo hapo. Faida nyingine ni uzito: betri kubwa ya NP-F970 peke yake ni gramu 300 hivi, na ukiiweka juu ya kamera mota ndizo zinazobeba. Kwenye mpini wabeba wewe.

Kitu kimoja kitakusumbua, nacho ni waya wa HDMI. Amri zinakwenda hewani, lakini picha yenyewe bado inapita kwenye waya kutoka kamera hadi skrini. Waya mgumu huvuta kamera kama mtoto anayevuta mkono wa mama yake, na gimbali inainama upande mmoja. Tafuta waya mwembamba unaojipinda, uache kitanzi kilegevu, na upitishe karibu na mhimili wa mota ya chini ili usizungukwe. Mshukuruni Mungu kwamba kamera zenu zote mbili zina tundu kubwa la HDMI. Wenzenu wenye tundu dogo la maikro wanajua uchungu wa tundu kulegea katikati ya harusi.

Sasa nije kwenye kamera zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hununua kitu wasichoweza kukitumia. Skrini haiwezi kuiamuru kamera jambo ambalo kamera haijakubali kuamriwa. Usiulize skrini inaweza nini. Uliza kamera yako inafungua mlango upi.

Blackmagic walichapisha hadharani lugha ya amri za kamera zao kwa Bluetooth, mtu yeyote anayetengeneza kifaa anaweza kuisoma. Ndiyo sababu skrini nyingi za aina hii hutaja Pocket kabla ya kamera nyingine yoyote. Kwa Pocket 6K ya nduguyo, kupitia skrini ataweza kuanza na kusimamisha kurekodi, kubadili ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga), pembe ya shata (muda wa kila fremu kupata mwanga), rangi ya mwanga, na kwa lenzi za EF (za aina ya Canon) zenye umeme ndani, kufungua na kufunga tundu la lenzi na kuamrisha fokasi. Akiweka lenzi ya sinema ya kuzungusha kwa mkono, hayo mawili ya mwisho hayatafanya kazi, usimlaumu muuzaji. Kuunganisha ni rahisi: awashe Bluetooth kwenye menyu ya kamera, atafute kamera kwenye skrini, kamera itaonyesha namba ya siri ya tarakimu sita, aiandike kwenye skrini, basi. Ikikataa siku nyingine, afute vifaa vyote vilivyohifadhiwa kwenye menyu ya kamera aanze upya. Na ahakikishe simu yake haijaishika kamera kwanza. Kwa kawaida kamera hukubali bwana mmoja kwa wakati mmoja.

Sony ni habari nyingine. Kwa Bluetooth, FX30 yako inafungua mlango wa rimoti: kurekodi, kusogeza fokasi, kuzoom kwa lenzi ya mota, kitufe kimoja cha kujipangia. ISO na tundu la lenzi havipiti mlango huo. Skrini zinazotaka kufanya zaidi kwa Sony hupitia waya wa USB au waifai, na orodha ya modeli zinazokubaliwa hubadilika kila programu ya ndani inapotolewa upya. Atomos kwa mfano, kwenye Shinobi II yao ya inchi tano yenye niti 1500, walichagua waya wa USB-C. Ni sawa kwenye tripodi, lakini kwenye gimbali umeongeza waya wa pili. Kwa hiyo ukiilipia ile "bila waya" kwa ajili ya FX30, umelipia kitufe cha kurekodi. Kamera yako ina kioo kinachofunguka pembeni na kugeuka, ina pikingi (rangi inayoonyesha palipo na fokasi), ina zebra (michirizi inayoonyesha penye mwanga mwingi). Kwa hudi nzuri unafanya kazi. Pocket 6K ya kwanza, ile ya 2019, ina kioo kikubwa cha inchi tano lakini hakiinuki wala hakigeuki, kimegandamana na mgongo wa kamera. Wenyewe Blackmagic waliliona hilo, na kwenye Pocket 6K Pro ya 2021 wakaweka kioo kinachoinuka cha niti 1500. Ndiyo maana nikasema skrini ikae kwa nduguyo: yeye ndiye mwenye shida kubwa zaidi, na kamera yake ndiyo inayofungua milango mingi.

Nataka nikae kidogo kwenye hatari moja ya skrini kali, kwa sababu inaharibu kazi kimyakimya. Skrini ya niti 2200 imetengenezwa ili uone. Haikutengenezwa ili upimie mwanga kwa macho. Ukiiwasha hadi mwisho, ukatoka juani ukaingia chini ya makuti au mwembe, macho yako yanatulia lakini skrini bado inawaka vilevile. Picha inaonekana imeungua, mkono unakwenda wenyewe kufunga lenzi. Usiku nyumbani, kwenye kompyuta, bi harusi yuko gizani na vivuli vyote vimejaa chengachenga. Tatizo hili halipo kwa mwenye skrini dhaifu. Yeye hufanya kosa la kinyume, anafungua lenzi kupita kiasi kwa sababu haoni.

Dawa ni kuacha kupima kwa jicho. Skrini yoyote yenye bei hiyo ina wevufomu, ile grafu inayoonyesha mwanga wa kila sehemu ya fremu, na ina rangi bandia, ambayo hupaka kila kiwango cha mwanga rangi yake. Hizi mbili hazibadiliki hata skrini iwe imefifia kiasi gani, kwa sababu zinasoma ishara inayotoka kwenye kamera, hazisomi kioo. Wewe ukishuti S-Log3, ile picha ya logi ya Sony iliyofifia inayotiwa rangi baadaye, kijivu cha kati (kadi ya kijivu ya kupimia mwanga) kinakaa asilimia 41 na karatasi nyeupe asilimia 61. Kanzu ya bwana harusi juani ikizidi hapo kidogo, haina neno, kuna nafasi juu. Lakini angalia sana nyuso. Vitabu vingi vya zamani husema weka ngozi asilimia 70, kanuni iliyopimwa kwa ngozi nyeupe na kwa picha ya kawaida, si ya logi. Ukiilazimisha kwa bi harusi wetu mweusi utamfanya awe rangi asiyo yake, na mamake ataona kabla ya mtu mwingine yeyote. Pima kijivu au kanzu, uso uuache ukae pale unapoangukia.

Jambo linaloendana na hilo: LUT, ile faili inayoipa picha ya logi rangi zake. Kama kamera inatoa kwenye HDMI picha iliyokwisha kuvikwa LUT, na skrini nayo umeiwekea LUT yake, picha imevikwa nguo mbili. Rangi zinakuwa kali mno, weusi unazama, na wewe unafidia kwa kukosea. Chagua mahali pamoja. Mimi napendelea kamera itoe logi safi na skrini ndiyo ivishe, maana wevufomu nayo naitaka isome logi. Angalia kwenye menyu ya skrini kama grafu inasoma kabla au baada ya LUT.

Na kuona vizuri hakuondoi haja ya kichungi cheusi (ND) cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Pocket ikiwa ISO 400, fremu 25 kwa sekunde, shata moja ya hamsini, lenzi f/2.8, juani mchana wahitaji kupunguza stopu 8 hivi. FX30 kwa ISO 800 yake ya msingi yataka 9. Mtu asije akakaa na skrini mpya anapunguza mwanga kwa kuipandisha shata kwa kidole gumba, video ikatoka inarukaruka kama ya simu.

Betri na joto sasa. Skrini ya namna hii ikiwaka hadi mwisho hula wati 15 hivi. NP-F970 ina wati-saa 47, kwa hiyo saa tatu. Ile ndogo ya F550 ina 16, saa moja tu. Kwa harusi ya mchana chukua kubwa mbili na ndogo mbili. Zote ziko chini ya wati-saa 100, kwa hiyo mkiitwa kushuti Lamu mwapanda nazo ndege kwenye begi la mkononi, zikiwa zimefunikwa vile vipande vya chuma vya kupitishia umeme. Joto ni gumu zaidi. Kifaa cheusi, juani, kinazalisha joto lake lenyewe: skrini nyingi zikifika kiwango fulani hujipunguza mwangaza ili zisiungue, na siku hiyo niti zako 2200 umeziona dakika ishirini za kwanza tu. Nyingine zina feni. Feni hizo husikika kwenye maikrofoni iliyo juu ya kamera, na ufukweni huvuta ndani hewa ya chumvi na vumbi la mchanga. Maharusi wanapopumzika, funika skrini kwa leso yenye rangi nyepesi, na iweke kivulini.

Chumvi hailali. Baada ya kazi, futa mwili wa skrini kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kausha, na usisahau midomo ya waya wa HDMI. Mkitoka kwenye chumba cha hoteli chenye kiyoyozi, msifungue begi papo hapo nje. Hewa yetu ya unyevu itafanya matone kwenye kioo na lenzi. Liache limefungwa nusu saa. Vidole vyenye jasho au maji ya bahari navyo huichanganya skrini ya kugusa, inafungua menyu usiyoitaka. Kati ya skrini mbili zinazolingana, chukua yenye vitufe halisi viwili vitatu.

Kwenye kupamba, nakuomba sana ulitilie maanani hili. Ule ni ukumbi wa wanawake peke yao, wamevua mabuibui, wamejipamba, wamekuamini. Skrini ya inchi tano na nusu inayong'aa, iliyoinuliwa juu ya kamera, inamwonyesha kila aliye nyuma yako uso wa kila aliye mbele yako, na mlango wa ukumbi haukai umefungwa. Kuna wahudumu, kuna mtu wa muziki. Kuna wageni walioomba wasipigwe kabisa, na wanaiona skrini kabla hujageuka. Kama mna skrini hiyo, iache kwenye gari usiku ule. FX30 yako na kioo chake kidogo, kimegeuzwa chini, kinatosha gizani, na kina adabu zaidi. Ukilazimika kuwa nayo, ishushe hadi mwangaza wa chini kabisa, ivike hudi ndefu, na ufunge mguso wa skrini, maana mkono wa nguo ya mgeni ukipita hapo unaweza kubadilisha shata katikati ya bi harusi kuingia. Shata ibaki moja ya hamsini. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za ukumbi zitapepesa ukiondoka hapo.

Hewa ya ukumbi nayo imejaa. Bluetooth inatumia masafa ya gigahezi 2.4, palepale penye maikrofoni ndogo za bila waya kama za Rode na DJI, palepale penye simu za wageni. Kwa skrini iliyo karibu na kamera, shubiri mbili tatu, mara nyingi hakuna tatizo. Ila ukiona amri inachelewa, usibonyeze kurekodi mara ya pili kwa haraka. Subiri alama nyekundu. Mbonyezo wa pili ukifika baada ya wa kwanza, umesimamisha ulichoanzisha, na hutajua mpaka maandamano yameshapita.

Swali lako la mteja. Skrini hii hupokea picha kwa waya na kutuma amri kwa hewa. Hairushi picha. Ili meneja wa hoteli akae barazani aone unachoshuti, wahitaji kirusha picha kinachokaa kwenye kamera na kipokezi kinachokaa kwa mteja, au kinachopeleka kwenye simu au tableti yake. Hollyland wana jozi kama hizo, Mars ndiyo wengi wanayoijua. Hutumia masafa ya gigahezi 5, na kuta nene za matumbawe za Mji wa Kale huzila ishara hizo vibaya. Ufukweni penye wazi zinafika. Kwa matangazo ya hoteli ningeweka pesa hapo mapema kuliko kwenye skrini ya pili, kwa sababu mteja anayeona anakubali kazi siku hiyohiyo.

Mkienda dukani, nendeni wote wawili, mchana, na kamera zote mbili na waya wenu. Kataeni kuijaribu ndani. Itoeni barabarani, igeuzeni ielekee jua, iwasheni hadi mwisho na iacheni nusu saa. Mwangaza ukishuka mtauona. Unganisheni Blackmagic mbele ya muuzaji, mbadili ISO na tundu la lenzi kwa macho yenu. Kisha unganisha FX30, ukiwa umewasha rimoti ya Bluetooth kwenye menyu ya mtandao, na uandike kwenye karatasi kila kinachofanya kazi. Muuzaji akisema kilichobaki kitakuja na programu mpya, lipeni bei ya kile mlichokiona kikifanya kazi leo.